Angani anasema mmoja tu

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.)

Ndugu msikilizaji, barua ninayoijibu leo imetoka kwa mzee mmoja wa Kipawa, Dar es Salaam, ambaye nyumba yake iko jirani na uwanja wa ndege kiasi kwamba anasema anazitambua ndege kwa ngurumo tu, bila kuinua macho. Mzee huyu ananiuliza jambo ambalo nililidhani dogo mpaka nilipoanza kulifuatilia. Anasema asubuhi huziona ndege nne au tano zikifuatana kutua, na nyingine mbili zikingoja kuruka. Je, marubani wote hao wanazungumza na mnara kwa redio moja? Na kama ni redio moja, nani anampa nani nafasi ya kusema?

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, wote wako kwenye masafa yale yale, na hakuna anayempa mwenzake nafasi. Hakuna mwenyekiti wala kunyoosha kidole. Rubani husikiliza kwanza, akiona kimya, hubonyeza kitufe na kusema, akimaliza hukiachia. Mwongoza ndege aliyeko mnarani hufanya vivyo hivyo. Jibu refu ndilo lililonifanya nichukue dakika zenu za leo, kwa sababu ndani yake wamo watu 583 waliopoteza maisha kwa siku moja.

Tuanze na tofauti kati ya redio hiyo na simu zetu. Katika simu, wewe na mwenzako mnaweza kusema kwa pamoja na kila mmoja akamsikia mwingine, ndiyo maana watu hugombana kwa simu. Redio ya ndege haina nafasi ya ugomvi. Ukibonyeza kitufe, mtambo wako unaacha kupokea na kuanza kutuma. Maana yake ni kwamba anayesema, kwa muda ule anaosema, ni kiziwi. Hamsikii mwenzake aliyebonyeza sekunde ile ile, wala hasikii kwamba maneno yao yamegongana na kuwa makelele. Akikiachia kitufe anakuta kimya, na kimya kile hakimwambii kama amesikiwa au hakusikiwa.

Hapo ndipo lilipo shina la habari yote hii. Watu wengi hudhani hatari ya masafa yenye msongamano ni kelele. Sivyo. Kelele husikika, na mwenye kuzisikia huuliza tena. Hatari ni mtu aliyesema akaamini amesikiwa, au aliyesikia nusu akaamini amesikia yote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonja jambo hili, ingawa kwangu halikumuua mtu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipelekwa wilayani kutangaza matokeo ya uchaguzi mdogo. Huko simu za mkononi zilikuwa hazijafika, basi tukapewa simu za upepo, waandishi sita kwenye njia moja. Saa nne usiku nikabonyeza kitufe, nikasoma matokeo ya kata nzima, kituo kwa kituo, kwa sauti yangu nzuri ya chuoni, nikakiachia na kwenda kutafuta chakula. Kumbe mwenzangu aliyekuwa kata ya pili alibonyeza wakati ule ule, naye akasoma ya kwake mpaka mwisho. Huku studio walisikia sauti kama ya bati linalokwaruzwa. Mimi nilikuwa nakula wali maharage nikiwa na moyo mweupe kabisa. Mwenzangu naye hivyo hivyo. Taarifa ya habari ya saa sita ikapita bila matokeo yetu, na asubuhi mkuu wa habari alituambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hewani. Kilichonishangaza ni kwamba sote wawili tuliapa kuwa tulisoma, na sote wawili tulisema kweli.

Sasa sogea nami hatua moja kwenye ufundi; nitajitahidi isiwe ngumu. Stesheni nyingi mnazozisikiliza leo ni za FM, na ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Ukipandisha juu kidogo, kuanzia megahezi 118 hadi 137, ndipo wanapozungumza marubani na waongoza ndege. Ni jirani zetu kabisa, na ndiyo maana mtambo wa FM usiotunzwa unaweza kuvujisha muziki wa dansi kwenye masikio ya rubani. Lakini ingawa ni majirani, hawatumii FM. Wanatumia AM, ule mtindo wa zamani wa masafa ya kati.

Kwa nini watu wenye vyombo vya gharama kubwa namna ile wang'ang'anie mtindo wa kale? Sababu ziko kadhaa, lakini moja inahusu mada yetu. Katika FM, stesheni mbili zikigongana, yenye nguvu zaidi huimeza nyingine. Utaisikia moja, safi kabisa, wala hutajua kwamba kulikuwa na nyingine. Katika AM zote mbili hupenya kwa pamoja na kutoa mluzi. Wasikilizaji wa umri wangu na zaidi wanaukumbuka mluzi ule: usiku, redio ya mbao juu ya kabati, unatafuta stesheni ya nyumbani na nyingine ya nchi ya mbali inaingia juu yake, kati yao kuna sauti ya “wiiii” inayopanda na kushuka. Kwetu sisi ulikuwa udhia. Kwa mwongoza ndege mluzi huo ni habari: unamwambia kuwa kuna watu wawili waliosema na kwamba huenda kuna neno limepotea. Ndipo atauliza nani amekatwa na kumtaka aseme tena.

Tatizo ni pale mluzi unaposikika na asiwepo wa kuuliza.

Hiyo ndiyo habari ya Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndege zikaelekezwa kutua uwanja mdogo wa Los Rodeos, Tenerife. Miongoni mwake zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani. Uwanja ulijaa hata njia ya pembeni ya kupitia ndege ikazibwa na ndege zilizoegeshwa. Basi uwanja wa jirani ulipofunguliwa tena, ndege iliyotaka kuondoka ilibidi ipite juu ya njia yenyewe ya kurukia, iende mpaka mwisho, igeuke, ndipo iruke.

KLM ilitangulia, ikafika mwisho na kugeuka. Pan American ikaifuata kwa nyuma kwenye njia ile ile, ikitafuta mahali pa kuchepukia. Wakati huo wingu lilikuwa limeshuka juu ya uwanja. Mnara haukuiona ndege hata moja, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Marubani wa KLM hawakuiona Pan American, na wa Pan American hawakuiona KLM. Watu wa pande tatu walikuwa gizani, na kitu pekee walichokuwa nacho kwa pamoja ni masafa yale ya redio. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kumsikia mwenzake. Kwa dakika kadhaa redio ndiyo ilikuwa macho yao.

Mwongoza ndege akaipa KLM maelekezo ya njia ya kufuata itakapokuwa imeshapaa. Hayo hayakuwa ruhusa ya kuruka, bali ni maelezo ya baadaye; lakini ndani yake lilikuwamo neno “kuruka”. Rubani msaidizi akayarudia maelekezo hayo, na mwishoni akaongeza kwa Kiingereza maneno yenye maana kwamba sasa wako kwenye kuruka. Wakati anasema hivyo, nahodha alikuwa ameshaachia breki. Mnara ukaelewa kuwa KLM iko mahali pa kurukia, inangoja. Mwongoza ndege akajibu “OK”, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kuwaambia wasubiri, atawaita.

Sekunde hiyo hiyo marubani wa Pan American waliingiwa na hofu. Nao walikuwa wameyasikia maneno ya KLM, na hawakuyapenda. Wakabonyeza kitufe kusema kwamba wao bado wako juu ya njia ya kurukia.

Ujumbe wote mbili ulikuwa sahihi, na wowote kati yake ungetosha kuisimamisha KLM. Lakini zilisemwa kwa pamoja. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM lilisikika neno “OK”, kisha mluzi wa sekunde tatu au nne. Mnara ulikuwa unasema, kwa hiyo haukuwasikia Pan American. Pan American walikuwa wanasema, kwa hiyo hawakuusikia mnara. Takriban nusu dakika baadaye ndege hizo ziligongana. Wote 248 waliokuwa ndani ya KLM walikufa. Kati ya watu 396 wa Pan American walipona 61.

Sitaki kumtwika mluzi mzigo wote. Baada yake kulikuwa na mazungumzo mengine, na hayo yalisikika vizuri ndani ya KLM: mnara ukiitaka Pan American iarifu ikishatoka njiani, nayo ikijibu kwamba itaarifu. Fundi wa injini wa KLM aliyasikia, akamuuliza nahodha kama Mmarekani yule hajatoka bado. Nahodha, mtu mwenye cheo na sifa kubwa katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kuwa ametoka. Hakuna aliyethubutu kuuliza mara ya pili. Hiyo ni mada nyingine, ya wadogo na wakubwa kazini, na siku moja nitaizungumza. Lakini tujaalie wale wawili wangebonyeza vitufe vyao kwa kupishana sekunde tano tu.

Baada ya Tenerife, lugha ya redio ya ndege ilifanyiwa ukaguzi neno kwa neno. Neno la Kiingereza la “kuruka” likawekewa uzio: hutamkwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Katika maelezo mengine yote husemwa “kuondoka”. “OK” ikapoteza heshima yake, maana haisemi ni nini kilicho sawa: nimekusikia, nakubali, au endelea? Lipo neno “Roger”, ambalo vijana wetu wanalitumia wakidhani ni “ndiyo”. Siyo. Maana yake ni kwamba nimeupokea ujumbe wako wote wa mwisho, basi. Atakayetekeleza alichoambiwa husema “Wilco”. Na akiambiwa “stand by” ajue kwamba hajakubaliwa wala hajakataliwa, angoje.

Jambo kubwa kuliko yote ni kurudia. Hili halikuanza leo, lakini lilikazwa. Akina mama wa Kiswahili wamelijua tangu zamani. Mama anamtuma mtoto dukani: nusu kilo ya sukari, mafuta ya elfu moja, kiberiti kimoja. Mtoto anageuka kukimbia. “Njoo hapa,” mama anasema. “Nimekutuma nini?” Mtoto anarudia, akisema kilo badala ya nusu kilo anasahihishwa pale pale mlangoni, kabla fedha haijatoka. Hivyo ndivyo rubani anavyofanya. Akipewa kimo, mwelekeo, njia ya kutua au ruhusa ya kuruka, anairudia pamoja na jina la ndege yake. Mwongoza ndege naye ana wajibu wa kusikiliza marudio yale, siyo kuandika jambo lingine huku sikio likiwa pembeni. Marudio yasiyosikilizwa ni kama mama aliyemuuliza mtoto halafu akaingia jikoni.

Utaona kwamba desturi hii inakula muda. Kila agizo linasemwa mara mbili, na masafa yenyewe ni hayo hayo. Ndiyo maana maneno yamebanwa mno na herufi zimepewa majina: Alfa, Bravo, Charlie, na kuendelea, orodha iliyoanza kutumika mwaka 1956 baada ya kujaribiwa kwa watu wa lugha mbalimbali. Ndege zilizosajiliwa Tanzania namba zao huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Hata tarakimu zina matamshi yake. Tatu ya Kiingereza hutamkwa “tri”, bila ile “th” inayowatesa wengi wetu. Tano ni “faifu”, na tisa huongezewa mkia ikawa “naina”, kwa sababu tano na tisa za Kiingereza zikipita kwenye redio yenye mikwaruzo hufanana kama pacha.

Miaka michache iliyopita nilipanda ndege ndogo ya injini moja kwenda Mafia, na kwa kuwa viti vilijaa nikaketishwa mbele, kando ya rubani. Aliniruhusu nivae visikizi vya akiba nisikilize, kwa sharti kwamba nisifungue mdomo mpaka atakaponiambia. Ilikuwa asubuhi, saa ambayo ndege ndogo za kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani huondoka kwa mfululizo. Nilimwona mara mbili akiweka kidole juu ya kitufe na kukiondoa bila kusema, ingawa kwenye masafa palikuwa kimya. Tulipotua nikamuuliza. Akaniambia: “Kimya kile hakikuwa changu. Mnara ulikuwa umemuuliza mwingine kimo chake, alikuwa hajajibu.”

Jibu hilo lilinipendeza sana. Sisi tunalijua pia, ila kwa jina lingine. Mtu akimwamkia mkubwa wake “Shikamoo”, wewe uliyesimama pembeni hujipenyezi na habari zako kabla “Marahaba” haijatoka. Redioni zipo nyamazo za namna mbili, moja ni ya wote na nyingine ina mwenyewe, na rubani mgeni kwenye masafa huambiwa akishabadili asikilize kwanza kwa sekunde kadhaa ajue aliyokuta ni ipi. Akiingia na kusema tu, atakata jibu la mtu.

Je, ndege zikizidi hata adabu zote hizi zisitoshe? Hapo kazi hugawanywa. Viwanja vikubwa huwa na masafa ya ndege zinazotembea ardhini, ya mnara kwa zinazotua na kuruka, ya zinazokaribia, na ya zilizo safarini juu. Hali ya hewa ya uwanja hurekodiwa na kurudiwa saa nzima kwenye masafa yake ya peke yake, ikiwa na jina la herufi. Rubani anapoita husema tu kwamba anayo taarifa Charlie, na dakika nzima ya maswali imeokolewa. Anga nayo hukatwa vipande, kila kipande na mwongoza wake na masafa yake. Kwa kuwa mawimbi haya husafiri kama mwanga, hayapindi kufuata mviringo wa dunia, ndege iliyo futi 35,000 husikika kiasi cha kilomita 400 tu, hivyo masafa yale yale huweza kutumika tena mbali. Kwa mpangilio wa kawaida njia zilizopo ni 760. Ulaya zilipungua, na kuanzia mwaka 1999 wakaanza kuzikata kila moja vipande vitatu.

Lakini kila ukigawa, unapunguza wanaosikia. Hilo ni deni la mgawanyo, na lililipwa usiku wa tarehe 25 Januari 1990 karibu na New York. Ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilikuwa imezungushwa angani zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Rubani msaidizi alimweleza mwongoza mmoja kwamba wanahitaji kipaumbele na kwamba wangeweza kungoja dakika tano tu, mafuta hayatoshi kufika uwanja mwingine. Hakutamka neno la dharura. Walipohamishiwa kwa mwongoza aliyefuata, kwenye masafa mengine, habari kamili ya mafuta haikuhama pamoja nao. Yule wa pili aliiona kama ndege moja katika msururu. Injini zikazimika, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Walikufa watu 73 kati ya 158.

Yapo maneno mawili yanayopewa njia mbele ya mazungumzo yote: “Mayday”, kwa anayekabiliwa na hatari kubwa, na “Pan Pan” kwa mwenye haraka isiyofikia hapo. Huitwa mara tatu. Likisikika “Mayday”, wengine wote hunyamaza. Lakini lazima litamkwe. Kusema “tuna shida kidogo ya mafuta” kwenye masafa yenye ndege ishirini ni kama kunong'ona Kariakoo saa sita mchana.

Kuna balaa jingine dogo lenye kuudhi. Wakati mwingine kitufe hunasa. Rubani amekiachia lakini chenyewe hakikurudi, na redio inaendelea kutuma: pumzi zake, mazungumzo na mwenzake, kijiko ndani ya kikombe. Watu wote wa masafa yale wamezibwa midomo, na wa kuambiwa ni yule yule asiyesikia, maana anayetuma ni kiziwi. Mnara utajaribu masafa mengine, au ule wa dharura wa 121.5 ambao ndege nyingi huusikiliza kwa redio ya pili.

Mpaka hapa nimezungumzia anga zenye watu wengi. Bara letu lina tatizo la upande wa pili. Yapo maeneo makubwa ya Afrika ambako mawasiliano na vituo vya ardhini yamekuwa dhaifu kwa miaka mingi, na huko marubani walijipangia utaratibu wao. Kwenye masafa ya 126.9 kila mmoja hutangaza, bila kuulizwa na yeyote: mimi fulani, kimo changu hiki, natoka huku naenda kule, saa fulani nitapita mahali fulani. Ni kama dereva wa lori anayepiga honi kwenye kona ya mlimani. Haombi ruhusa, anatangaza kuwapo kwake ili mwingine, kama yupo, ajue.

Tarehe 13 Septemba 1997, nje ya pwani ya Namibia, ndege ya jeshi la anga la Ujerumani iliyokuwa ikienda Cape Town iligongana na ya jeshi la anga la Marekani iliyotoka Windhoek kuelekea kisiwa cha Ascension. Zote zilikuwa futi 35,000. Ya Ujerumani ilikuwa katika kimo kisicho cha mpango wake wa safari, mawasiliano kati ya vituo vya ardhini yalikuwa mabovu, na hakuna iliyokuwa na kifaa cha kugundua ndege nyingine. Walikufa watu 33. Bahari ile ni kubwa na anga yake ni tupu kwa siku nyingi za mwaka.

Mzee wangu wa Kipawa anamalizia kwa kuuliza kama kompyuta haziwezi kuimaliza kazi hii. Sehemu yake zimeshaichukua. Juu ya bahari, na katika anga za juu za Ulaya, maagizo mengi sasa huja kwa maandishi kwenye kioo mbele ya rubani, naye hujibu kwa kubonyeza. Maandishi hayagongani na hayana lafudhi. Lakini ni polepole, na karibu na ardhi, mahali ambapo sekunde mbili ni nyingi, bado ni sauti. Tena sauti ina faida moja ambayo maandishi yanainyima: kila aliye kwenye masafa anasikia mwenzake anaambiwa nini. Marubani wa Pan American waliingiwa na hofu kwa sababu walisikia maneno ambayo hawakuambiwa wao.

Wasikilizaji wengine wawili, mmoja wa Mwanza na mwingine wa Mombasa, wameuliza karibu jambo linalofanana: kwa nini wanaambiwa wazime simu au waziweke kwenye hali ya ndege. Nadhani sasa mnaweza kulijibu wenyewe. Simu moja haiangushi ndege, na sitawatisha kwa lisilokuwapo. Lakini simu inayotafuta mnara wake huweza kuingiza kwenye visikizi vya rubani ule mdundo wa “tiki-tiki-tiki” mnaousikia simu ikiwa karibu na spika ya redio. Hudumu sekunde mbili tatu hivi. Rubani wa Mafia aliniambia ameusikia mara nyingi, na kwamba mara moja uliangukia juu ya tarakimu ya kimo. Akaomba irudiwe. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, akasema, na ilimbidi angoje ndege tatu ziseme kwanza ndipo apate nafasi ya kuuliza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitazungumzia minara ya taa ya pwani yetu.